DESTURI ZA MWISHO WA MWAKA: TUSHIKE ZIPI, TUACHE ZIPI?

Kila mwaka uingiapo mwezi wa Desemba, stendi za mabasi za Dar es Salaam hufurika watu. Mama amembeba mtoto mgongoni, baba amekumbatia gunia la mchele, kijana ameshika begi la nguo mpya. Wote wana neno moja midomoni mwao: nyumbani. Wengine waenda Bukoba, wengine Songea au Mbeya. Na wengi huelekea Kilimanjaro, safari ya zaidi ya kilometa 500, maana Wachaga wajulikana nchini kote kwa desturi hii ya kurudi kwao wakati wa Noeli.

Lakini kila mwaka pia twasikia lalamiko lile lile. Wazee husema, “Noeli ya siku hizi siyo Noeli tena.” Vijana nao hujibu kwamba dunia imebadilika, na kwamba desturi za zamani ni mzigo mzito na gharama kubwa. Katika nyumba nyingi maneno haya huharibu furaha ya sikukuu yenyewe. Kwa hiyo twaona yafaa leo tulitazame jambo hili kwa utulivu, ili kila familia ijue la kushika na la kuacha.

Kila desturi ilikuwa na mwanzo

Kwanza hatuna budi kukumbuka kwamba desturi tunazoziita za kale zilianza siku fulani, nazo zilikuwa ngeni kwa watu wa siku zile. Sikukuu ya Noeli yenyewe twaikuta Roma, tarehe 25 Desemba, katika kumbukumbu ya mwaka 336. Ndiyo kusema Wakristo wa karne za kwanza waliishi na kufa mashahidi pasipo kuiadhimisha kama sisi. Pango la Noeli, ambalo leo hakuna parokia isiyolitengeneza, lilipata kuenea kwa mfano wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio huko Italia, alitayarisha hori lenye majani makavu, pamoja na ng’ombe na punda, ili watu wauone kwa macho yao umaskini wa Mtoto Yesu. Na ule mti wa Noeli ulitoka katika nchi za Wajerumani.

Kanisa nalo, lisilobadili imani yake, limebadili mara nyingi taratibu zake. Wako wazee wanaosema kwamba Misa ya Noeli ikiadhimishwa mapema usiku badala ya usiku wa manane, huo ni uvivu. Hebu tukumbuke: hapo zamani mtu aliyetaka kukomunika hakula wala hakunywa tangu usiku wa manane, na Misa za jioni hazikuwa desturi. Mwaka 1953 Papa Pio XII alilegeza sheria ya mfungo na kufungua njia ya Misa za jioni. Mwaka 1957 mfungo ukawa wa saa tatu. Mwaka 1964 Papa Paulo VI akaufanya kuwa saa moja. Sababu yake ilikuwa wema kwa waamini: wagonjwa, wafanyakazi, na wale wakaao mbali. Mama atokaye mbali na watoto wadogo gizani aelewa vema kwa nini paroko ameitanguliza saa ya Misa.

Kadhalika tarehe 1 Januari. Wazee wetu waliijua kuwa sikukuu ya Kutahiriwa kwa Bwana. Tangu kalenda ilipotengenezwa upya mwaka 1969, twamheshimu siku hiyo Maria, Mama wa Mungu. Na tangu mwaka 1968 ndiyo pia Siku ya Kuombea Amani Duniani. Wala hakuna aliyepotewa na imani kwa sababu hiyo.

Hata kurudi nyumbani ni desturi changa

Turudi sasa Kilimanjaro. Wengi hudhani kwamba safari ya Desemba ni mila ya tangu mababu. Sivyo. Mababu hawakuwa na safari ya kurudi, kwa kuwa hawakuwa wameondoka. Waliishi na kuzikwa katika kihamba, shamba la ukoo lenye migomba. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kwa mafundisho yao watu wakaanza kuishika kalenda ya Kanisa. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Ikaja kahawa, na mwaka 1933 kikaundwa chama kikuu cha ushirika cha wakulima wake, KNCU. Zikaja shule, kazi za mshahara na biashara za mijini, huku mashamba yakigawanywa kwa warithi hata yasitoshe tena. Vijana wakaondoka. Na kwa kuwa mwezi wa Desemba una Noeli na likizo ya shule, ndio uliofaa kuwakusanya tena.

Basi, desturi ambayo leo wazee wanaitetea ilizaliwa na mabadiliko. Watu walitawanyika, nao wakatafuta njia mpya ya kulinda jambo la zamani, yaani umoja wa ukoo. Fundisho lenyewe ni hili: desturi ni chombo. Chombo chaweza kubadilishwa, lakini yafaa tuangalie kilichomo kisimwagike.

Kilichomo ni nini?

Twaona mambo matatu: kumwabudu Mungu aliyejifanya mtu, kupatana na ndugu, na kugawana riziki na wasio nacho. Desturi yo yote, mpya au ya zamani, ipimwe kwa hayo.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna ndugu wawili wanaogombania mpaka wa kihamba. Wote wawili wamekuja kwa Noeli, wameleta mbuzi na kreti za soda, wamepiga picha pamoja na mama yao mzee. Lakini hawasemezani, kila mmoja ala upande wake, na watoto wao watazamana kwa mashaka. Desturi imetimizwa yote, nyama imeliwa, mbege imenywewa, lakini chombo ni kitupu. Wachaga wana jani la isale, ambalo mkosaji humpelekea aliyemkosea ili kuomba radhi, na ni vigumu sana kulikataa. Jani hilo, likitolewa kwa moyo mnyofu kabla ya kwenda Misani, lina thamani kuliko mbuzi kumi. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwamba mwenye ugomvi na nduguye aiache sadaka yake mbele ya altare, aende kwanza akapatane naye.

Tuchukue na mfano wa pili. Kijana yuko kazini mjini, naye hakupata likizo. Au amepata, lakini nauli ya watu watano ingemaliza karo ya Januari. Ametuma fedha kwa simu, na jioni ya Noeli amempigia bibi yake, watoto wote wakamsalimia mmoja mmoja na kuomba baraka. Je, tumhukumu kuwa ameitupa mila? La hasha. Huyu amebadili chombo, na kilichomo amekilinda. Bali yule awezaye kusafiri, akaacha kwa kuwa baa za mjini zapendeza zaidi, akadhani shilingi alizotuma zatosha badala ya uso wake, huyo amwache mama yake na swali zito. Mama mzee hali fedha peke yake. Yataka amwone mwanawe.

Maneno kwa wazazi

Kwenu ninyi baba na mama, twapenda kuwashauri machache.

Kwanza, panga fedha kabla ya Desemba. Shule hufunguliwa Januari. Ni aibu mtoto avae viatu vipya siku ya Noeli, kisha wiki mbili baadaye akae nyumbani kwa kukosa daftari na sare. Zawadi iliyo bora kwa mtoto ni ile isiyomlilia mwezi ufuatao. Na yule aliyepungukiwa asione haya kusema, “Mwaka huu tutakula maharage.” Familia Takatifu iliipokea Noeli ya kwanza katika zizi.

Pili, kwenda kanisani kusiwe jambo la wanawake na watoto huku wanaume wakiangalia moto wa nyama. Baba atangulie. Na jioni ya tarehe 31 Desemba, kabla ya fataki na kelele, familia ikae pamoja, kila mmoja ataje neema moja aliyopata katika mwaka na kosa moja analoliombea msamaha. Kanisa lina desturi ya kuimba siku hiyo wimbo wa shukrani, Te Deum. Nyumba nayo isikose shukrani yake.

Tatu, wapelekeni watoto makaburini. Wale waliozaliwa mijini hawajui babu zao wamelala wapi, wala majina yao. Waonyesheni, mwasalie marehemu pamoja nao, wafundisheni hata maneno machache ya lugha ya nyumbani. Mtoto asiyejua alikotoka husahau upesi anakokwenda.

Nne, msile peke yenu. Katika miji yetu ipo desturi njema ya kupelekeana sahani: Mwislamu humpelekea jirani yake Mkristo pilau siku ya Idi, naye Mkristo humrudishia siku ya Noeli. Desturi hii isife kwa sababu ya kuta ndefu na mageti ya siku hizi. Aidha, mkumbukeni mjane, mgonjwa, na mtumishi wa nyumbani ambaye naye ana mama anayemngoja huko kwao. Mpeni nafasi ya kwenda.

Ndugu wasomaji, wajukuu wetu nao watakuwa na Noeli yao, na huenda tusingeitambua tukiiona. Hilo lisitutie hofu. Kama watakapokutana watamsujudu Mtoto wa Bethlehemu, watasameheana, na mlango wao hautafungwa kwa maskini, basi tutakuwa tumewarithisha kila kitu. Lakini hawatalijua hilo wasipoliona kwetu mwaka huu.

Twawatakia nyote safari ya salama, Noeli takatifu, na mwaka mpya wenye amani.