Jino la Mgonjwa Asiyeweza Kutulia

Chukua mfano wa kijana wa miaka 12 huko Pangani. Ana mtindio wa ubongo. Hasemi, na mikono yake hurukaruka yenyewe. Jino limeoza, shavu limevimba, leo siku ya tatu hali chakula. Akiona kiti cha daktari wa meno anapiga kelele na kufumba kinywa.

Wengine husema: "Mshikeni tu, wanaume wanne!" Hiyo si tiba. Jino laweza kukatikia ndani, na kijana hatakubali tena kukanyaga hospitali. Lakini kuliacha nako ni hatari. Uvimbe ukishuka shingoni huweza kuziba pumzi na kuua. Hapo usingoje, nenda siku hiyo hiyo.

Iko njia nyingine, nayo ni dawa ya kumtuliza. Tusiichanganye na nusukaputi. Mtu wa nusukaputi hata umwite haitiki. Aliyetulizwa anasinzia tu. Anapumua mwenyewe, na ukimgusa na kumsemesha anakusikia. Wengine huvutishwa puani gesi ya kucheka, iliyochanganywa na oksijeni. Gesi hii si ngeni. Horace Wells, daktari wa meno wa Marekani, aliijaribu mwaka 1844, na jino lililong'olewa lilikuwa lake mwenyewe! Ikifungwa, dakika chache mgonjwa amezinduka. Wengine hupewa midazolamu, ya kunywa au ya sindano. Hiyo hukawia kuisha. Sindano ya ganzi bado itachomwa, maana kutulia siyo kutosikia maumivu.

Dawa hizi si za kununua dukani ukampa mwanao nyumbani. Hutolewa na waliosomea, na mmoja wao huangalia pumzi na mapigo ya moyo muda wote. Si kila chumba cha meno kina vifaa hivyo. Basi ulizia kwanza zahanati, kabla hujalipa nauli ya kwenda hospitali ya mkoa, Bombo, pale Tanga mjini.

Mweleze daktari yote: kifafa, moyo, kukoroma, na dawa anazokunywa, hata za miti shamba. Akikwambia mgonjwa asile tangu saa fulani, mama, usimpe uji kwa siri kwa kumhurumia. Akitapika huku amesinzia, uji waweza kuingia mapafuni.

Siku hiyo nendeni watu wawili. Mkirudi, asitafune kitu mpaka ganzi iishe, atajing'ata mdomo bila kujua. Usiku asilale peke yake.