Asidi Amino Moja Inapobadilika: Himoglobini na Ugonjwa wa Selimundu

Wagonjwa wa selimundu huuliza swali ambalo sisi wahudumu mara nyingi hulikwepa: kwa nini maumivu huja na kuondoka, ilhali kasoro ya damu haiondoki? Jibu limo katika namna molekuli za himoglobini zinavyogusana.

Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne ya protini: miwili ya alfa, kila mmoja ukiwa na asidi amino 141, na miwili ya beta yenye 146. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa himoglobini ya wagonjwa hawa ni ya namna nyingine. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akaibaini tofauti yenyewe. Katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, valini imechukua mahali pa glutamati. Basi.

Glutamati ina chaji hasi, nayo hupatana na maji. Valini haina chaji na huyakwepa maji kama mafuta. Nafasi hiyo iko juu ya uso wa molekuli, si pale minyororo minne inaposhikana. Ndiyo sababu himoglobini S huweza kubeba oksijeni. Matata huanza inapoiachilia. Umbo lake hubadilika, na kwenye beta ya molekuli jirani hutokea kishimo, kati ya fenilalanini ya 85 na lusini ya 88, kinachoipokea valini barabara. Molekuli hushikamana zikawa nyuzi ndefu, na nyuzi huikunja chembe nyekundu mfano wa mundu. Oksijeni ikirudi, nyuzi huachana. Lakini chembe iliyokunjwa mara nyingi hatimaye hubaki hivyo, na hufa mapema.

Katika himoglobini C, nafasi hiyohiyo hukaliwa na lisini, wala nyuzi hizo hazifanyiki. Kosa, basi, si kuondoka kwa glutamati tu, bali kuja kwa valini.

Chembe ikipungukiwa maji, himoglobini husongamana na nyuzi hufanyika kwa kasi zaidi. Kwa hiyo tunasisitiza kunywa maji. Himoglobini ya kichanga, yenye minyororo ya gama badala ya beta, huzuia nyuzi, nayo humlinda mtoto katika miezi yake ya mwanzo. Hidroksiyurea huiongeza tena. Ndiyo maana dawa hiyo humezwa kila siku, hata siku ambayo mgonjwa haumwi popote, huku damu yake ikipimwa mara kwa mara.