SOMO: HESABU KABLA YA MATOFALI
(Kwa wanaotaka kujenga vyumba vya kupangisha)



Watu wengi wanapokaribia kustaafu, au wanapopata fedha za nazi, za korosho au za mirathi, huwaza kujenga vyumba vichache na kuvipangisha. Wazo hili ni zuri. Nyumba haiozi kama embe, wala haiibiwi usiku kama mbuzi. Walakini wako waliojenga, wakapata wapangaji, na bado wakauza kiwanja ili kulipa deni. Aghalabu walidhani kwamba kodi yote waliyopokea ilikuwa ni yao ya kula.

Somo hili lahusu Mombasa na pwani ya Kenya. Tukisema "kodi" tunataja fedha za mpangaji. Zile za serikali tutaziita "ushuru".

1. Kiwanja ni cha nani?

Hapa Mombasa mtu aweza kumiliki nyumba asimiliki ardhi iliyo chini yake. Humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Anayenunua nyumba bila kuuliza habari hii huenda akawa amenunua kuta na mabati tu, na siku mwenye ardhi akitaka mahali pake, shida huanza.

Basi kabla ya kutoa hata shilingi moja, nenda ofisi ya ardhi ukalipe ada ya kupekua daftari. Utaona jina la mwenye hati, kama kiwanja kimewekwa rehani, na kama mtu ameweka pingamizi. Usitosheke na nakala ya hati unayoonyeshwa mkahawani. Ikiwa kiwanja ni cha urithi, warithi wote wakubali kwa maandishi. Ikiwa ni cha mume na mke, wote wawili watie sahihi.

2. Kodi si faida

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ana vyumba 6, kila kimoja shilingi 4,500 kwa mwezi. Kodi ya mwezi ni 27,000, na ya mwaka ni 324,000. Mzee huyu alijenga kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, naye hulipa 20,000 kila mwezi. Alifikiri atabakiwa na 7,000. Sasa tuhesabu pamoja naye:

(a) Kila chumba kikikaa kitupu mwezi mmoja tu katika mwaka, 27,000 zimepotea. Zimebaki 297,000.

(b) Ushuru. Tangu Januari 2024, mkazi wa Kenya ambaye kodi zake za nyumba za kuishi zinazidi shilingi 288,000 kwa mwaka, hadi milioni 15, hutozwa asilimia 7.5 ya kodi aliyopokea. Gharama haziondolewi kwanza. Ushuru huu hupelekwa KRA kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa mzee wetu ni 22,275 kwa mwaka.

(c) Matengenezo: aweke kando kodi ya mwezi mmoja, yaani 27,000.

(d) Taa ya ua, usafi, na gari la kunyonya choo: 3,000 kwa mwezi, yaani 36,000.

(e) Malipo ya kiwanja: 6,000.

Zinazobaki ni 205,725 kwa mwaka, yaani kama 17,100 kwa mwezi. Lakini mkopo ni 20,000! Kila mwezi mzee anapungukiwa karibu 2,900, ingawa nyumba yake ina wapangaji. Wala haumii peke yake. Akishindwa kulipa, akiba za wadhamini wake ndizo zitakazokatwa, nao ni jirani zake na ndugu zake waliomwamini.

Kwa hiyo shika kanuni hii: malipo ya mkopo yasizidi nusu ya kodi unayotazamia. Kwa vyumba hivi, yasipite 13,500. Kama fedha hazitoshi, jenga vyumba viwili kwanza, vikusaidie kujenga vingine. Tena, uwe na daftari, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari.

3. Maji, choo na paa

Mpangaji hudumu mahali penye maji. Maji ya mfereji hukatika, na visima vingi vya pwani vina chumvi, kwa hiyo tangi ni la lazima. Choo cha shimo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, maana uchafu hupenya upesi katika mwamba wa matumbawe. Watoto wa wapangaji watakunywa maji hayo.

Hewa ya bahari hula mabati na misumari. Mwezi wa Machi, kabla ya masika, panda na fundi mkague paa. Msumari mmoja uliolegea leo ni dari iliyoanguka mwezi wa Mei. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

4. Wewe na mpangaji wako

Andikeni mapatano, nakala mbili, hata kama ni mtoto wa ndugu yako. Yataje kodi, tarehe ya kulipa, amana, muda wa ilani ya kuhama, na nani alipaye maji na stima. Toa risiti kila mara. Amana iweke mbali, usiile. Ni mali ya mpangaji mpaka atakapohama.

Kodi ikichelewa, zungumza naye katika wiki ya kwanza. Ukingoja miezi minne, deni litakuwa kubwa kuliko uwezo wake. Lakini usimfungie mlango kwa kufuli yako, usimkatie stima, wala usitoe vyombo vyake nje. Amri ya kumtoa mtu hutolewa na mahakama au, kwa nyumba za kuishi zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na Baraza la Kodi za Nyumba. Mwenye nyumba anayejichukulia sheria mkononi aweza kushtakiwa yeye, hata kama anadai haki yake.

Maswali ya kuzungumza

1. Jirani anakuomba umdhamini mkopo wa kujenga vyumba. Ni hesabu gani utakayomwomba akuonyeshe kwanza?
2. Katika nyumba unayoijua, kodi ya mwezi mmoja yatosha matengenezo ya mwaka? Kwa nini?
3. Mpangaji amepoteza kazi, naye ana watoto watatu. Mwenye nyumba ana mkopo wa kulipa. Wafanyeje ili pasiwe na anayeonewa?