SOMO LETU: Kiwanda Kikidanganya, Nani Hulipa?



Anayeteremka kutoka Kyambogo kwenda mjini kwa barabara ya Jinja huyapita maduka ya magari. Mbele kuna magari yanayong'aa. Nyuma yake kuna makarani, wauzaji, mafundi, waosha magari na walinzi. Hakuna hata mmoja wao aliyeyaunda magari hayo. Lakini jina la kiwanda likichafuka, wao ndio wanaokabiliwa na mnunuzi mwenye hasira. Tulitazame jambo hili kwa mfano wa kweli.

Septemba 18, 2015, serikali ya Marekani iliishtaki hadharani kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani kwa udanganyifu. Ndani ya magari yake ya dizeli kampuni iliweka programu ya kutambua kwamba gari linapimwa moshi. Wakati wa kupimwa, moshi mchafu ulipungua. Barabarani ulipita mno kiwango cha sheria. Siku chache baadaye kampuni ilikiri kuwa magari kama milioni 11 duniani yalihusika. Mkurugenzi mkuu, Martin Winterkorn, alijiuzulu Septemba 23.

Je, madukani kulitokea nini? Huko Marekani uuzaji wa magari mapya ya aina hiyo ulisimamishwa, yakabaki uani. Tukumbuke kuwa mwenye duka kwa kawaida huweka magari kwa mkopo wa benki. Gari lisipouzwa, riba haisimami. Muuzaji anayetegemea kamisheni hurudi nyumbani mikono mitupu. Fundi wa gereji huenda akapata kazi zaidi, kwa kuwa magari yenye kasoro hurudishwa kutengenezwa. Kwa hiyo hata ndani ya duka moja hasara haiwaangukii wote sawasawa.

Wenye maduka hawakukaa kimya. Mwaka 2016 kesi ilifunguliwa kwa niaba yao wote, na maduka yapatayo 650 yakapata mapatano ya fidia ya karibu dola bilioni 1.2. Walikuwa na mkataba wa maandishi na kampuni, tena walidai kwa pamoja.

Huko Ujerumani, Novemba 2016, kampuni hiyo ilitangaza kupunguza nafasi 30,000 za kazi duniani. Wawakilishi wa wafanyakazi waliketi nayo mezani, wakapata ahadi kwamba hakuna mfanyakazi wa Ujerumani atakayeachishwa kwa nguvu hadi mwaka 2025. Nafasi zilipungua, lakini watu hawakutupwa nje kwa siku moja.

Sasa turudi Kampala. Januari 2025 kampuni ya CMC Motors, muuzaji wa magari wa miaka mingi, ilitangaza kufunga shughuli zake Kenya, Uganda na Tanzania. Sababu haikuwa kashfa, ilikuwa ugumu wa biashara. Lakini kwa mfanyakazi mambo yanafanana: uamuzi hukatwa mbali, barua humfikia yeye.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa ngao. Mwajiri anayekusudia kupunguza watu 10 au zaidi katika muda wa miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi lazima akieleze chama cha wafanyakazi sababu na idadi yao, na kumwarifu Kamishna wa Kazi kwa maandishi. Aliyetumikia miaka 10 au zaidi ana haki ya notisi ya miezi mitatu.

Jambo hili si la wauza magari peke yao. Shehena ya chai au sukari ikikataliwa ng'ambo kwa kosa la wakubwa, mchumaji na mkata miwa ndio wanaoambiwa hakuna kazi wiki hii. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tudai sasa, kabla ya kashfa, kwamba mkataba wetu wa pamoja utaje malipo ya siku ambazo kazi imesimama bila kosa letu.

Maswali ya kujadili tawini:

1. Mkataba wetu unasema nini kazi ikisimama kwa kosa la mwajiri?
2. Ni nani kati yetu wanaolipwa kwa kilo, kwa kipande au kwa kamisheni, na nani atawasemea?
3. Je, kila mwanachama anajua notisi anayostahili kwa miaka aliyofanya kazi?

Majibu yaandikwe na kuletwa kwenye mkutano ujao.