"Mwalimu, na Mimi Nitairithi?"

Nikiwa TP kule Mkula, mkoani Simiyu, nilifundisha jenetiki kidato cha nne. Nikachora kromosomu ubaoni, nikaeleza kwamba saratani huanza jeni zinapobadilika. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mama yangu alifariki kwa saratani ya tumbo. Na mimi nitairithi?" Nikajibu fasta, "Inawezekana, maana ni mambo ya jeni." Akakaa kimya hadi kengele ilipolia.

Wanachuo wenzangu, lile lilikuwa nusu ya jibu, na nusu ile ilimtisha mtoto wa watu. Nusu iliyobaki ni hii.

Mabadiliko ya jeni yako ya aina mbili. Kuna yale unayozaliwa nayo, yaliyomo katika kila seli ya mwili. Mfano ni ya jeni CDH1, ambayo kazi yake ni kuzishikamanisha seli za ukuta wa tumbo. Mwaka 1998 watafiti waliyagundua katika ukoo wa Wamaori wa New Zealand, uliokuwa umezika watu wengi, wengine vijana kabisa. Lakini katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya tumbo, wenye aina hii ya kurithi ni kama 1 hadi 3 tu.

Aina ya pili hutokea maishani, ndani ya seli za tumbo lenyewe. Hayaingii kwenye yai wala mbegu, kwa hiyo mzazi hampi mtoto. Hapa mhusika mkuu ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, yuleyule wa vidonda vya tumbo. Hukaa tumboni miaka na miaka akiuchubua ukuta, na seli hulazimika kugawanyika kila mara ili kuziba pengo. Ni kama kunakili daftari la mwenzako mara elfu: kuna siku utakosea tu. Kosa likiangukia jeni TP53, inayozizuia seli mbovu zisiendelee kuzaana, breki zimekatika. Tangu 1994 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani inamhesabu bakteria huyu kuwa kisababishi cha saratani.

Sasa angalia: watu wengi humpata bakteria huyu utotoni, nyumbani kwao. Kwa hiyo mama na mwanawe wanaweza kushirikiana bakteria bila kushirikiana jeni mbovu. Na bakteria hupimwa, tena hutibika kwa dawa ukimaliza dozi.

Kipindi kilichofuata nilirudia somo. Nikamwambia yule binti: "Jibu langu la juzi halikukamilika. Mweleze daktari habari za mama, upimwe bakteria. Kama kwenye ukoo wameugua wawili au zaidi, au mama aliugua akiwa kijana, mwambie na hilo." Akauliza, "Kwa hiyo na wadogo zangu wapimwe?"

Nikamjibu, safari hii bila haraka: "Ndiyo, waambieni na wao wakamwone daktari."