Mitandao ya Jamii Yatufaa Nini?

Huko Nyarugusu, wilayani Geita, wako vijana wengi waliowaacha wazazi mbali, wakaja kutafuta dhahabu. Zamani barua ilikawia majuma. Leo kijana akitoka duarani hutuma salamu kwa WhatsApp, na mama yake hulala kwa amani. Hiyo ni faida ya kweli, wala tusiidharau.

Lakini mtandao ule ule hueneza uvumi wa rashi. Mtu akisoma ya kwamba dhahabu imeonekana mahali fulani, huacha kazi, hula akiba ya ada ya watoto, naye hufika akakuta shimo tupu. Tangu Machi 2019 Geita ina soko la dhahabu. Yafaa bei iulizwe huko, si kwa mtu tusiyemjua.

Mwaka ule ule wa 2019 marehemu Papa Fransisko alitufundisha ya kuwa mtandao ni mwema ukiisaidia jamaa ikutane mezani na kutazamana machoni. Basi, wazazi, tujiulize kila jioni: je, simu imetusogeza karibu na ndugu zetu, ama imetufanya wageni nyumbani mwetu wenyewe?