Sabuni ya Noeli: somo kwa jamaa, toka 6 Aprili hadi 25 Mei

Masomo ya Biblia: Yeremia 2:22; Malaki 3:1-3; Walawi 19:35-36



Kila mwaka, Noeli inapokaribia, wamama wanakuja kutuuliza juu ya sabuni. Mmoja anasema sabuni yake imemchubua mtoto ngozi. Mwingine anasema amenunua vipande kumi kwa ndugu wa kanisa na kwa majuma mawili vimekwisha kama barafu. Wa tatu ana nguo nyeupe za jamaa nzima za kufua kabla ya sikukuu, na hana franka za sabuni ya dukani. Tumeona vema maulizo hayo tuyajibu pamoja katika somo hili, maana yana mzizi mmoja: watu wanapika sabuni kwa haraka.

Wote tunajua ya kwamba tangu uongozi wa Papa Dialungana Kiangani Salomon, Kanisa letu linasherehekea Noeli tarehe 25 Mei. Tunajua pia ya kwamba tarehe 6 Aprili tunakumbuka mwanzo wa kazi ya Papa Simon Kimbangu mwaka 1921, na tangu mwaka 2023 Serikali imeifanya siku hiyo kuwa ya mapumziko kwa inchi nzima. Sasa hesabuni. Toka 6 Aprili hadi 25 Mei ni siku 49, yaani majuma saba kamili. Sabuni iliyopikwa kwa njia ya baridi inaomba majuma manne hadi sita ya kukaa na kukomaa. Jamaa inayopika siku ya 6 Aprili jioni, au kesho yake, inafika Noeli na sabuni kavu, ngumu, isiyouma. Jamaa inayopika katikati ya mwezi wa tano inafika na kitu kingine.

Hapa kwetu Katanga hata hali ya hewa inatusaidia. Mvua inakatika mwezi wa nne, kipwa kinaanza, hewa inakuwa kavu. Waliokuwa wakipika kwa ajili ya Noeli ya Desemba wanakumbuka namna sabuni ilivyokuwa ikitoka jasho usiku kucha wakati wa masika.

Biblia inasema nini juu ya sabuni? Inaitaja mara chache. Yeremia anawaambia watu wa Yerusalema ya kwamba hata wakijiosha kwa magadi na kutumia sabuni nyingi, doa la uovu wao lingali mbele ya Mungu. Malaki anamfananisha yule anayekuja na moto wa mfua fedha, na sabuni ya wafuaji wa nguo. Katika lugha ya Kiebrania Yeremia anataja vitu viwili. Cha kwanza ni magadi yanayochimbwa chini, kama yale ya Misri. Cha pili ni kitu cha kufulia kinachotoka katika mimea na majivu yake. Hakuna kati ya hivyo kilichokuwa kipande kama cha leo. Vilikuwa vitu vikali, na mfuaji alivikanyaga pamoja na nguo kwa miguu yake. Kwa hiyo Malaki anapotaja sabuni pamoja na moto, tusiwaze povu la harufu nzuri. Anawaza kitu kinachouma.

Nyanya zetu walikuwa karibu na Yeremia kuliko sisi. Walichoma maganda ya ndizi na vichane vya ngazi vilivyokwisha kutolewa mbegu, wakaweka majivu katika kikapu au chungu chenye matundu, wakamwaga maji juu polepole, na chini yakatoka maji ya rangi ya chai. Maji hayo waliyachemsha pamoja na mafuta kwa saa nyingi, wakapata sabuni laini, nyeusi-nyeusi, ya kuchota kwa mkono. Waliotaka iwe ngumu waliongeza chumvi ya kula mwishoni, na sabuni ikajitenga na kuelea juu. Sababu yake ni kwamba majivu ya mimea yana potasi, na sabuni ya potasi haigandi vizuri. Chumvi inaleta sodiamu, nayo ndiyo inayogandisha. Nyanya hakujua majina hayo, lakini kazi aliijua. Kama katika nyumba yako bado kuna mama mzee anayekumbuka hatua hizo, mwacheni awaonyeshe watoto mwaka huu.

Tena tusisahau historia ya mafuta haya. Mwaka 1911 Mwingereza William Lever alifanya mapatano na Serikali ya Ubelgiji, akafungua Huileries du Congo Belge. Mafuta ya ngazi za Kwilu, upande wa Leverville (leo Lusanga), yakavuka bahari ili kutengenezwa sabuni, na watu wengi walipelekwa kwa nguvu kukata vichane hivyo. Wanaoandika maisha ya Papa Simon Kimbangu wanasema ya kwamba kabla ya mwaka 1921, alipoikimbia sauti iliyomwita, alikwenda Kinshasa na kufanya kazi kwa muda katika kampuni hiyo ya mafuta. Kwa hiyo mama anayemwaga mawese katika ndoo ya sabuni anashika kitu ambacho Papa mwenyewe alikijua.

Sasa tufike kwenye kazi. Siku hizi wengi wetu tunatumia soda ya kostiki, ile nyeupe inayouzwa sokoni kama vipande vidogo au vidonge. Mafuta tunapata yale ya mawese yanayoshuka kutoka kaskazini, upande wa Kongolo na Kabalo, na pengine ya kiini cha ngazi. Mawese yanatoa sabuni ngumu, mafuta ya kiini yanatoa povu. Kipimo tunachokitumia ni kilo 4 za mawese na kilo 1 ya mafuta ya kiini, soda gramu 700, maji safi lita 1 na desilita 7. Kama una mawese peke yake, kilo 5, weka soda gramu 670. Vipimo hivi vinaacha mafuta kidogo bila kushikwa na soda, ili ngozi isikauke.

Tafadhali, mafuta yapimwe kwa mizani, si kwa chupa. Chupa ya soko ya sentilita 72 inaingiza mafuta ya gramu 650 hivi, haifiki gramu 720. (Chupa yenyewe ni ya bia, lakini hapo haina kosa.) Anayehesabu lita kuwa kilo ataweka soda kupita kiasi, na soda isiyopata mafuta ya kula itakula mikono ya anayefua. Hapo ndipo ngozi ya watoto inapochubuka.

Soda inamwagwa ndani ya maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Usimwage maji juu ya soda hata siku moja, maana yatachemka kwa ghafula na kurukia uso. Fanya kazi hiyo nje, penye hewa, umevaa mifuko ya mikono ya mpira na miwani, na watoto wawe mbali. Tena, usitumie sufuria ya aluminiamu. Najua, ndiyo tuliyo nayo sote, zile zinazoyeyushwa na mafundi wetu hapa mjini. Lakini soda inakula aluminiamu na kutoa hewa inayowaka moto, na mbabula iko pembeni! Tumia ndoo ya plastiki nzito, au chombo cha chuma, au cha enameli kisichobanduka.

Maji ya soda yakiisha kupoa hata yakawa vuguvugu, yamwage katika mafuta yaliyoyeyushwa ambayo nayo ni vuguvugu. Koroga kwa mwiko wa mti, upande mmoja, bila kuchoka. Vijana wapokezane. Yanapokuwa mazito hata alama ya mwiko inabaki juu yake kama katika uji, mwaga katika sanduku la mbao lililotandikwa karatasi ngumu au nailoni. Funika kwa gunia. Kesho yake au kesho kutwa, kata. Katika nyumba nyingi mzee wa jamaa ndiye anayekata kipande cha kwanza, na watoto wanapewa vikombo vya pembeni wavifinyange kuwa mipira. Tunapenda desturi hiyo, lakini watoto wangoje: siku ya pili sabuni bado ina soda hai. Mipira ifinyangwe na mtu mzima mwenye mifuko ya mikono, nao waandike majina yao juu ya karatasi.

Halafu panga vipande juu ya ubao, kivulini, vikiachana nafasi ya kidole. Tarehe 27 Aprili, tunapokumbuka kuondoka kwa Mama Mwilu Marie mwaka 1959, sabuni ya 6 Aprili inatimiza majuma matatu. Wamama wetu wamezoea kuvigeuza vipande siku hiyo, upande wa chini uje juu. Mama Mwilu aliyalinda mambo ya Kanisa kimyakimya miaka yote ambayo Papa alikuwa amefungwa hapa Elisabethville, kwa hiyo kazi ya kungoja inaifaa siku yake.

Wengine wanauliza juu ya rangi. Mawese mekundu yanatoa sabuni ya rangi ya chungwa, na mama mwenye nguo nyeupe anaogopa. Rangi hiyo inafifia kadiri sabuni inavyokaa. Wanaotaka iwe nyeupe wanachoma mafuta kwanza mpaka wekundu utoke. Fanyeni hivyo nje, katika chombo cha chuma kisichojaa zaidi ya nusu, na mtu asiondoke karibu. Mafuta yakiwaka, yafunikwe kwa mfuniko, yasimwagiwe maji. Kwa upande wetu tunaona kusubiri kunatosha.

Kuna jambo tunalopaswa kulisema waziwazi. Sabuni mbichi ina maji mengi. Katika kipimo tulichotaja, uzito wa siku ya kwanza ni kilo 7 na gramu 400, na baada ya majuma sita unapungua karibu robo tatu ya kilo hadi kilo moja. Anayeuza siku ya tatu anauza maji kwa bei ya sabuni. Wengine wanaongeza pemba au unga wa muhogo ili kipande kionekane kinene. Walawi 19 inazungumza juu ya mizani na vipimo vya haki. Mama mjane anayenunua kipande kimoja tu kwa juma hana namna ya kujua ndani yake kuna nini, anajua tu kwamba kimekwisha siku ya Jumatano. Nao wanaopika sabuni ili watoe mapato yake katika nsinsani, tunawaambia vilevile. Kikundi kinachoshinda nsinsani kwa sabuni ya pemba kimemnyang'anya mjane ili kimpigie Mungu makofi.

Tena kuna walioanza kutia maji ya Nkamba katika sabuni na kuiuza kwa bei ya juu, wakiita sabuni ya uponyaji. Maji ya Nkamba tunayapokea kwa imani na bila malipo. Soda haichagui maji, itayageuza yote kuwa sabuni. Yeremia alikwisha kutuonyesha mahali sabuni inapofika na mahali isipofika. Uza sabuni yako kama sabuni, na mtu akiugua mpeleke kwenye maombi na hospitalini.

Na kuhusu nguruwe: ndugu kadhaa wameuliza kama sabuni ya mafuta yake inaruhusiwa, kwa kuwa hatuli nyama hiyo. Faida moja ya kupika nyumbani ni kwamba ulizo hilo linakwisha, maana unajua ulichotia.

Tunarudi kwenye soda, kwa sababu kuna mtoto katika mtaa wetu aliyekunywa maji yake akidhani ni ya kunywa. Yalikuwa yamewekwa katika chupa ya limonadi, chini ya meza. Amepona, lakini mpaka leo anameza chakula kwa shida. Soda isihifadhiwe hata saa moja katika chupa au kikombe cha kunywea. Iwe katika kopo lake lenye mfuniko, limeandikwa, juu mahali mtoto hafiki. Ikirukia ngozi au jicho, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Usitie siki wala ndimu katika jicho. Mtu akiimeza, usimtapishe, maana itamchoma mara ya pili ikirudi. Asukutue kinywa kwa maji na mkimbize hospitalini saa hiyohiyo.

Jinsi ya kujua kwamba sabuni imekomaa: wamama wazee wanalowesha kidole, wanasugua kipande, wanagusa ncha ya ulimi kidogo sana. Ikiuma kama nguzo za pili ya redio, irudi kwenye ubao. Jaribio hilo ni la juma la tano na kuendelea, si kabla, na si la mtoto.

Vipande vya wajane, wagonjwa na wafungwa tunavipokea kanisani Jumapili ya mwisho kabla ya 25 Mei, baada ya ibada. Vifungwe katika karatasi na si katika nailoni, ambayo inavitoa jasho, na juu ya kila kimoja iandikwe tarehe kilipopikwa. Vile vya mwezi wa tano tutavipokea pia, lakini vitakaa ofisini hadi mwezi wa saba kabla ya kugawiwa.